Slack ya bure kwa timu inayofanya kazi kwa mbali: inafaa, ila msiikabidhi kumbukumbu zenu

Timu nyingi ndogo ambazo kila mtu anafanyia kazi kwake huanza na kundi la WhatsApp, na makundi hayo huharibika kwa namna ileile. Wiki za mwanzo kila mtu anasoma kila kitu. Baadaye risiti, swali la mteja, pole ya msiba, tangazo la bosi na video ya kuchekesha vyote vinaingia mahali pamoja. Swali lililoulizwa asubuhi linafunikwa na salamu za Ijumaa, na jioni mtu anauliza, "Jamani, lile suala la hoteli liliishia wapi?" Anayejibu hayupo hewani, na walio hewani hawajui. Hapo ndipo mtu mmoja husema, "Tuhamie Slack."

Slack ni programu ya mawasiliano ya kazini inayogawa mazungumzo kwa mada, kila mada kwenye chumba chake kiitwacho chaneli. Mapitio haya yanahusu Slack ya bure, kwa sababu ndiyo ambayo timu ya watu 5 hadi 15 itaanza nayo. Mfano wa kupimia uwe kampuni ya utalii: ofisi iko Arusha, mhasibu anakaa Moshi, anayepokea wageni yuko Unguja, wa mauzo yuko Berlin, na madereva wako njiani muda mwingi. Slack itawasaidia watu hao kuelewana kuliko kundi la WhatsApp, na tofauti inaonekana ndani ya mwezi mmoja. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa, ambao timu nyingi huugundua wakati zimeshaumia.

Siku 90, kisha giza

Slack ilifunguliwa kwa umma Februari 2014. Ilitokana na chombo cha mawasiliano ya ndani cha kampuni ya Tiny Speck, iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Mwaka 2021 ikanunuliwa na Salesforce kwa takriban dola bilioni 27.7. Kwa anayetumia bila kulipa, masharti yamebadilika sana tangu hapo. Zamani uliona meseji 10,000 za mwisho hata kama zilikuwa za miaka mitatu nyuma. Tangu Septemba 2022 unaona za siku 90 zilizopita tu. Na tangu Agosti 2024, zilizozidi mwaka mmoja kwenye toleo la bure zinafutwa kabisa, kwa hiyo hata ukija kulipia baadaye hazirudi.

Kwa biashara ya utalii hili ni zito. Mgeni wa Julai huwa amepanga safari tangu Januari. Siku atakapotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, makubaliano yote ya bei, chakula, kitanda cha mtoto na dawa anazotumia yameshapita siku 90. Ukitafuta jina lake hupati kitu, na hatari yenyewe iko hapo: mfanyakazi anaamini kwamba jambo halikusemwa, wakati lilisemwa na likafichwa. Hata meseji uliyoibandika kwa pini juu ya chaneli inafichwa siku zake zikitimia. Faili ulilopakia moja kwa moja ndani ya Slack nalo linafuata mkondo huohuo.

Dawa yake ni rahisi, ila inataka nidhamu. Fungueni jedwali moja la Google Sheets, mliite daftari la maamuzi, lenye safu 5: tarehe, uamuzi, aliyeamua, sababu kwa sentensi moja, na kiungo cha faili linalohusika. Anayejaza awe yule aliyeuliza swali, siku hiyohiyo aliyopata jibu. Ukimpa kazi hiyo kiongozi, daftari litalala wiki mbili, kwani kiongozi ndiye mwenye maswali mengi zaidi ya kujibu. Mafaili nayo yawekwe Google Drive, na kwenye Slack kipelekwe kiungo peke yake. Meseji ikifichwa, faili linabaki palepale.

Ukiona timu yako haiwezi kujaza daftari hilo, bora usihame WhatsApp bado.

Chaneli: chache, zenye mwenyewe

Timu mpya hupenda kufungua chaneli nyingi siku ya kwanza, na baada ya muda mfupi zaidi ya nusu hazina mtu. Kwa watu 10, sita zinatosha. Kampuni yetu ya mfano inaweza kuwa na #matangazo, #oda, #wanaowasili, #magari, #hesabu na #kijiweni. Majina ya chaneli huandikwa kwa herufi ndogo bila nafasi, ukitaka maneno mawili tumia kistari. Kila chaneli iwekewe maelezo ya mstari mmoja: kinachoingia hapa ni nini, na nani anawajibika kujibu. Sehemu hiyo ya pili husahaulika, na ndiyo inayoamua kama swali litajibiwa. Swali lililoulizwa kwa watu wote, kila mmoja humwachia mwenzake.

#kijiweni isidharauliwe. Watu wa ofisi moja wana chai ya saa 4 na mabishano ya Simba na Yanga. Aliye peke yake sebuleni Moshi hana. Pole, hongera, picha za mtoto aliyezaliwa na utani viwe na mahali pake, ili visiingie kwenye #oda na visikosekane kabisa. Watu wanaojuana kidogo hujibizana kwa upole zaidi kazi inapobana.

Kuna suala la inbox. Wengi wetu hupenda kumfuata mtu pembeni, na chanzo chake ni heshima: kijana haoni vizuri kumuuliza mkubwa swali mbele za watu, na hataki kuonekana hajui. Matokeo yake nusu ya kazi inakaa kwenye mazungumzo ya watu wawili, na mmoja akiugua, mwingine hana pa kuanzia. Kuwaambia watu "andikeni chanelini" hakutoshi. Kiongozi aanze yeye kuuliza asichokijua hadharani, na anayeuliza ajibiwe bila kukebehiwa. Yanayobaki inbox ni mshahara, afya, mambo ya familia na kumwonya mtu. Hilo la mwisho lisifanyike chanelini hata siku moja, na likiwa kubwa lifanyike kwa simu, maana onyo lililoandikwa halina sauti ya kulipoza na linaweza kusomwa mara kumi.

Uzi ndio sababu ya kuhama

Kama Slack ingekuwa na kitu kimoja tu cha kusifiwa, kingekuwa nyuzi. Kwenye kompyuta unapeleka kishale juu ya meseji na kubonyeza "Reply in thread". Kwenye simu unaigusa meseji, unajibu ndani yake. Majibu yote ya suala la wageni wa tarehe 14 yanakaa chini ya meseji ya wageni wa tarehe 14, na ukurasa wa chaneli unabaki msafi. Anayefika jioni anaona masuala 8 ya siku, anafungua mawili yanayomhusu.

Linaloharibu ni tabia ya kujibu chini badala ya ndani. Mtu mmoja akifanya hivyo, watatu wanamfuata, na suala moja linakuwa na miili miwili. Wiki ya kwanza mteueni mtu mmoja wa kukumbusha kwa upole, "Naomba tujibu ndani ya uzi." Kosa la pili ni kuamua jambo kubwa ndani ya uzi halafu wasiokuwemo wasijue. Kuna kisanduku chini ya sehemu ya kuandikia ambacho ukikiweka tiki jibu lako linatokea pia kwenye chaneli. Kitumieni kwa uamuzi wa mwisho pekee, ukianza na neno "Tumekubaliana:" ili utafutike.

Uzi ukifika majibu 15 bila mwafaka, watu hawabishani tena juu ya jambo lenyewe. Wanabishana juu ya walivyoelewana. Pigeni simu dakika 10, kisha aliyepiga arudi kuandika kilichoamuliwa.

Alama za emoji zina kazi kubwa kuliko watu wanavyozichukulia. Mkikubaliana kwamba macho mawili ni "nimeiona, nashughulikia" na tiki ni "imekwisha", mnaondoa "sawa", "poa" na "noted" kumi na mbili kila siku. Macho yana uzito wake: aliyeweka macho ndiye mwenye kazi, na mwingine asiiguse bila kumuuliza.

Salamu na shida kwenye meseji moja

Mawasiliano ya mbali kati ya Waswahili huchelewa kwa jambo moja la wazi. Mtu anaandika "Mambo?" anasubiri. Anajibiwa "Poa, vipi?" baada ya dakika 40. Anaandika "Safi. Samahani, kuna kitu nataka kuuliza." Anasubiri tena. Adhuhuri imefika, swali lenyewe halijaandikwa. Wapo wanaoshauri salamu iondolewe. Ushauri huo kwetu haufai: meseji isiyo na salamu kwa mtu aliyekuzidi umri husomeka kama amri, au kama kuna ugomvi. Salamu ibaki, lakini iandamane na shida yenyewe kwa pumzi moja:

"Shikamoo dada Rehema. Wageni 6 wa tarehe 14 wanataka kuongeza usiku 1 Karatu. Hoteli ina vyumba 3, inataka jibu leo kabla ya saa 10 jioni. Gharama inaongezeka, na wageni wameshakubali kulipa. Naomba uniambie: tuvishike au tuache? Nisipopata jibu hadi saa 9 alasiri, nitavishika bila kulipa chochote, tutaweza kughairi kesho."

Tazama kilichomo. Nani na lini, nini kimebadilika, mwisho wa kusubiri, swali la kujibika kwa neno moja, na nitakachofanya ukiwa kimya. Sehemu hiyo ya mwisho huokoa siku nzima. Dada Rehema akiwa kwenye daladala au benki, kazi haisimami, na akiona kuna tatizo anajua ana muda mpaka saa ngapi wa kulizuia. Itumike kwa maamuzi yanayorudishika tu. Kulipa hoteli, kughairi safari na kumjibu mteja mwenye hasira si maamuzi ya kufanywa kwa sababu mtu hakujibu.

Kuna kitu kidogo cha kiufundi kinachowatesa wanaotoka WhatsApp ya simu: kwenye kompyuta, kubonyeza Enter kunatuma. Mtu anataka kushuka mstari, anajikuta ametuma "Shikamoo dada Rehema." peke yake, na kengele imeshalia huko. Bonyeza Shift pamoja na Enter kushuka mstari. Au ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Advanced", ubadilishe ili Enter ishushe mstari na Ctrl pamoja na Enter ndiyo itume. Ningemfanyia hivyo kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza, kabla hata hajafundishwa chaneli.

Maandishi ya menyu ya Slack hayana Kiswahili. Kwa timu yenye watu wasiozoea Kiingereza, tengenezeni ukurasa mmoja wenye picha za skrini na maelezo ya vitu vitano: kujibu ndani ya uzi, kutafuta, kuweka alama, kunyamazisha arifa na kupanga meseji itumwe baadaye. Zaidi ya hapo watajifunza wenyewe.

Saa tatu ipi?

Slack huonyesha muda wa kila meseji kwa saa ya anayesoma, na ukifungua wasifu wa mwenzako unaona kwake ni saa ngapi. Hiyo inasaidia. Isichoweza kukusaidia ni pale unapoandika "tukutane saa 3" kwa timu ambayo mmoja wa Arusha anaelewa asubuhi na mwingine wa Berlin anaona alasiri. Kanuni nzuri: mkiwa wenyewe kwa wenyewe, taja saa na kipindi, "saa 3 asubuhi", akiwepo wa nje, andika kwa mfumo wa saa 24 na jina la mji, "9:00 Arusha".

Halafu kuna suala la Ulaya kubadilisha saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Berlin iko nyuma yetu kwa saa 1. Miezi mingine iko nyuma kwa saa 2. Sisi hatubadilishi. Kikao cha kila wiki kilichowekwa kwenye kalenda na mtu wa Berlin saa 10:00 kwake ni 11:00 kwa Arusha wakati wa kiangazi chao, na bila mtu kugusa chochote kinahamia 12:00 mwezi Novemba, kikigongana na adhana ya adhuhuri au chakula cha mchana. Amueni mapema kikao kinafuata saa ya mji gani. Mimi ningechagua saa ya walio wengi, na tangazo liwekwe wiki moja kabla ya mabadiliko.

Mwenye mtu Muscat akumbuke mambo mawili: Oman iko mbele kwa saa 1, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Siku za kazi mnazokutana ni 4, Jumatatu hadi Alhamisi. Jambo la Ijumaa asubuhi Arusha litajibiwa Jumapili, wakati Arusha wamepumzika. Mwenye mtu Goma au Lubumbashi ahesabu saa 1 nyuma.

Ukifanya kazi usiku, usimwamshe mtu. Pembeni ya kitufe cha kutuma kuna mshale mdogo wa kupanga meseji iondoke kesho asubuhi. Upo hata kwenye toleo la bure. Mwezi wa Ramadhani kitufe hicho kina thamani zaidi, kwani wengi wanaamka daku na kuandika saa 11 alfajiri, muda ambao wenzao wasiofunga wamelala.

Kukumbusha timu kazi ya kila wiki, andika ndani ya chaneli: /remind #wanaowasili "Wageni wa wiki hii, mahitaji yao maalumu, na nani anawapokea" every Monday at 9am. Maneno ya kukumbushia yaandike kwa Kiswahili upendavyo, ila siku na saa ziandikwe kwa Kiingereza, na 9am ni saa 3 asubuhi.

Kengele

Chanzo kikuu cha watu kuichukia Slack ni kelele zake, na nyingi ya kelele hizo husababishwa na wenzao. Kuandika @channel kunamgutusha kila mwanachama wa chaneli hata kama hayupo hewani. @here inawafikia walio hewani wakati huo tu. Kwa timu ya watu 10, @channel ibaki kwa mambo ya aina mbili: usalama wa mtu, na mabadiliko yanayogusa kila mmoja leo. Toleo la bure halikuruhusu kuunda kundi la kutajwa kwa pamoja, tuseme @madereva, kwa hiyo tajeni majina mmoja mmoja. Ni usumbufu, lakini una faida: anayetajwa kwa jina anajua anangojewa.

Kila mtu aweke ratiba ya arifa zake, muda gani simu ilie na muda gani inyamaze. Wenzake wanaona alama ya usingizi pembeni ya jina, na wakiona lazima wanaweza kulazimisha kengele ilie. Mkubaliane pia muda wa kujibu. Pendekezo linalofanya kazi kwa biashara ya namna hii: meseji ya chaneli ijibiwe ndani ya saa 4 za kazi, kutajwa kwa jina ndani ya saa 1, simu papo hapo. Bila makubaliano hayo mwenye wasiwasi atakaa macho mpaka usiku, na mzembe atajibu kesho.

Simu, video na bando

Hapa Slack ya bure ni dhaifu. Simu yake ya ndani, Huddle, kwenye toleo la bure ni ya watu wawili tu. Kwa kushirikiana skrini na mhasibu ni nzuri mno, inafunguka haraka na inaanza na sauti bila video. Kwa kikao cha watu watatu na zaidi inabidi mtoke nje. Google Meet ya bure inawapa dakika 60 mkiwa watatu na zaidi; Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40. Kwa kikao cha wiki ningechagua Meet, hasa kwa kuwa kiungo kinafunguka kwenye kivinjari.

Gharama ya bando ndiyo inayoamua nani ataongea. Kwa vipimo vya Zoom wenyewe, sauti peke yake inataka kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ambayo hata ukihesabu kutuma na kupokea haizidi sana MB 70 kwa saa. Video ya ubora mzuri ya watu wawili inataka kilobiti 600 kwenda na nyingine kurudi, yaani MB 540 kwa saa, na ya kikundi hupanda zaidi. Kwa anayetumia bando lake, video kila siku ni kodi anayotozwa kwa kukaa nyumbani. Fungueni kamera dakika 3 za salamu, zifungwe, na kampuni ilipie bando.

Sauti ikianza kukatika kama ya roboti, tatizo mara nyingi liko upande wa kutuma kuliko wa kupokea. Zima video kwanza. Simamisha upakiaji wa picha unaoendelea chinichini na masasisho ya Windows. Sogea dirishani au karibu na ruta. Tumia spika za masikioni zenye waya na kipaza sauti, hata za bei ndogo, maana sauti ya spika ya kompyuta ikirudi kwenye kipaza sauti chake inaleta mwangwi unaowasumbua wote isipokuwa mwenyewe. Feni, jogoo na mvua juu ya bati vinazibwa kwa kitu kimoja: kujizima sauti mpaka zamu yako ifike.

Na kuna siku mtandao wenyewe unakufa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Siku kama hiyo ukiwa na laini mbili za mitandao tofauti inaweza isikusaidie, kama zote zinapita njia moja baharini. Lakini simu ya kawaida na SMS zilikuwepo. Kila mfanyakazi awe na karatasi, narudia karatasi, yenye namba za wenzake wote na za hoteli, pamoja na mpango uliokubaliwa: mtandao ukipotea zaidi ya saa 1, nani anampigia nani. Dereva aliye Serengeti hapaswi kuwa wa mwisho kujua ndege ya wageni imechelewa kwa sababu programu haikufunguka.

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itailalamikia programu ya Slack, hasa mkiwa mmefungua na kikao cha video. Tumieni Slack ndani ya kivinjari badala ya kuisakinisha. Kwenye mipangilio ya meseji na picha, zimeni uonyeshaji wa picha unaojifungua wenyewe. Utafungua ile unayoitaka tu.

WhatsApp ibaki, lakini kwa kazi yake

Kuwalazimisha madereva waingie Slack ni kupoteza muda wa kila mtu. Kampuni nyingi za simu ukanda huu zinauza bando za WhatsApp na mitandao ya kijamii kwa bei nafuu kuliko bando la kawaida, na Slack kwa kawaida haimo. Slack pia inataka barua pepe ya kujisajili. Dereva ana WhatsApp, mteja ana WhatsApp, hoteli ina WhatsApp. Waacheni huko, na wekeni kanuni ya mlangoni: aliyepokea jambo la kazi kwa WhatsApp analihamishia Slack kwa maneno yake ndani ya saa moja, kwenye chaneli husika. Picha ya skrini haitoshi, kwa kuwa hautaipata ukitafuta kwa neno.

Meseji za sauti zinahitaji mkono thabiti. Ni za asili kwetu, zinabeba upole na mkazo ambao maandishi hayana, na kwa asiyependa kuandika ni msaada mkubwa. Ila huwezi kuitafuta kwa neno, huwezi kuisikiliza ukiwa kikaoni, na ya dakika 4 yenye tarehe, bei na jina la hoteli inamlazimu anayepokea kuirudia mara tatu akiwa na kalamu. Ruhusuni za chini ya dakika 1, na kila moja ifuatwe na mstari wa maandishi wenye namba zote zilizotajwa.

Bei, usiri, na mtu anapoondoka

Tangu 2022 toleo la kulipia liitwalo Pro ni dola 7.25 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, au 8.75 ukilipa mwezi kwa mwezi. Watu 10 kwa mwaka ni dola 870. Unacholipia hasa ni kuondolewa kwa ukomo wa siku 90, simu za kikundi na kuunganisha programu nyingine zaidi ya 10. Kwa kampuni yenye msimu mmoja mkubwa kama utalii, kulipa mwezi kwa mwezi kuna hasara iliyojificha: ukirudi kwenye bure miezi ya mvua, meseji za zamani zinafichwa tena, na zilizozidi mwaka zinaingia kwenye hatari ya kufutwa. Malipo ni kwa kadi. Kenya kuna kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay iliyoanzishwa 2022 na Safaricom pamoja na Visa. Kwingine tumieni kadi ya benki inayokubali malipo ya dola. Mashirika yasiyotafuta faida yaombe punguzo kabla ya kulipa chochote, lipo.

Kwenye usiri, WhatsApp inaishinda Slack. Meseji za WhatsApp zimefungwa kiasi kwamba anayetuma na anayepokea tu ndio wanaozisoma; Slack haina ufungaji wa namna hiyo. Nywila, namba za kadi za wageni na picha za pasipoti visiingie humo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Pasipoti ya mgeni ikisambaa kutoka kwenye chaneli yenu, mwenye kujibu ni kampuni. Wekeni pasipoti kwenye folda ya Drive inayofunguliwa na watu wawili, na kwenye #wanaowasili andikeni tu "pasipoti zipo, zimekaguliwa".

Lakini siku mfanyakazi anapoondoka, Slack iko mbele. Kwenye kundi la WhatsApp unamtoa, naye anaondoka na mazungumzo yote kwenye simu yake, wakati anayechukua nafasi yake anaanza na ukurasa mtupu. Kwenye Slack msimamizi anaifunga akaunti, meseji za aliyeondoka zinabaki kwa timu, na mfanyakazi mpya akiingia #oda anasoma nyuma mpaka pale siku 90 zinapoishia. Kabla ya kuifunga, kaeni naye nusu saa mpitie inbox yake: kila jambo la kazi lililo humo lihamishiwe chanelini au kwenye daftari la maamuzi. Mkihitaji nakala, mmiliki wa "workspace", yaani eneo la timu yenu ndani ya Slack, anaweza kutoa ya chaneli za wazi. Inakuja kama mafaili ya JSON, ambayo mtu wa kompyuta atayasoma ila mhasibu hatayafurahia. Chaneli za siri na inbox hazimo kwenye nakala hiyo ya bure, kwa hiyo nusu saa ile isirukwe.